Kikundi cha familia: Mzee alisahau

Elia: Shikamooni wakubwa wote. Natoa taarifa mapema ili kesho nisiulizwe na kila mtu kwa wakati wake. Ile nafasi ya kazi imefungwa, karatasi zangu hazikufika. Mzee anasema alisahau kuzipeleka. Basi, neno moja tu, "nilisahau kijana wangu", miezi minne ananiambia nitulie jambo langu liko mikononi mwake kumbe liko kwenye droo. Namba yake nimeshaiblok

Upendo: Jamani pole mdogo wangu. Mzee yupi, huyu huyu wetu?

Elia: Huyu huyu

Mama: Pole mwanangu Mungu ana makusudi yake

Elia: Mama nakuheshimu sana ila kwa leo naomba tuanze na kitu kingine

Neema: Na mvumilivu hula mbivu nayo naomba isiingie humu

Baba Mdogo: Nilikuwa naiandika hiyo hiyo, nimefuta 😂

Baba Mdogo: Haya Elia, pole sana mwanangu. Sihubiri. Nikuulize tu, unamkumbuka yule mnyweshaji wa Farao?

Elia: Aliyemsahau Yusufu. Namkumbuka na ndo maana nimeblok

Baba Mdogo: 😂😂 Sawa. Tumwangalie vizuri basi maana huwa tunampita haraka. Yusufu ana miaka 17 ndugu zake wanamuuza, anakuja kusimama mbele ya Farao ana miaka 30, hapo katikati ni miaka 13 ya utumwa na gereza. Kule gerezani akamtafsiria mnyweshaji ndoto yake na malipo aliyoomba ni kitu kidogo tu, ukitoka unitaje kwa Farao. Sura ya 40 ya Mwanzo inafungwa kwa kusema yule mtu alimsahau. Ukifungua ya 41 unakuta "mwisho wa miaka miwili mizima". Mizima! Mwandishi angeweza kusema miaka miwili akapita zake, kaweka na mizima juu yake, kama mtu aliyekuwa anahesabu siku ukutani

Upendo: Hiyo mizima sijawahi kuiona aisee

Baba Mdogo: Sasa mi huwa najiuliza, angemtaja siku ile ile aliyotoka, Farao angefanya nini? Alikuwa hajaota kitu. Mtumwa wa Kiebrania yuko gerezani, haya, ana shida gani naye. Lile jina lilikuja kutajwa siku ambayo mfalme ana swali na waganga wote wa Misri wamekaa kimya

Neema: Baba Mdogo naomba nikupinge kwa adabu

Baba Mdogo: Pinga

Neema: Sisi tunaisoma tukiwa tunajua ilivyoisha. Yusufu kule ndani hakuwa na sura ya 41 mfukoni, alikuwa na mlango umefungwa na mtu aliyemwahidi akapotelea huko. Sasa mtu yuko sura ya 40 unamwambia tulia sura inayofuata ni tamu, umejuaje? Halafu kingine, ni Mungu aliyemsahaulisha yule mnyweshaji au ni uzembe wake tu? Maana naona kila mtu akizembea sisi tunasema wakati wa Mungu ulikuwa bado, mzembe anatoka hapo msafi kabisa hata pole hajasema

Elia: Neema asante. Mtu wa kwanza kunielewa tangu asubuhi

Baba Mdogo: Hapo umenibana kweli

Baba Mdogo: Lakini msikie mnyweshaji mwenyewe anavyoanza mbele ya Farao, "Nayakumbuka makosa yangu leo". Wapo wanaosema hapo alimaanisha alivyomkosea Farao zamani, inawezekana, ila neno alilochagua ni makosa. Hakusema Mungu alinisahaulisha. Na Biblia haijamtetea popote. Kwa hiyo mi nasema hivi, Mungu alilitumia lile kosa na kosa likabaki kuwa kosa. Sisi tunaoshika maikrofoni hapo ndo tunapotelezaga, tunavichanganya

Neema: Hiyo naikubali

Baba Mdogo: Na jambo la mwisho nanyamaza. Yusufu akapewa pete ya Farao, nchi nzima iko chini yake, mnyweshaji yupo hapo hapo jumba moja. Angetaka kumkomoa angemkomoa. Husikii popote kamgusa

Elia: Sina pete ya Farao. Nina kitufe cha kublok tu

Upendo: 😂😂 jamani

Mjomba: Sauli pia. Gilgali. Siku 7

Upendo: Mjomba fafanua, sio wote tunalala na Biblia kifuani

Mjomba: Samweli alimwambia angoje siku 7. Ya 7 ikafika Samweli haonekani, watu wanatoroka mmoja mmoja. Sauli akatoa sadaka mwenyewe. Alivyomaliza tu Samweli huyo anaingia. 1 Samweli 13

Mjomba: Kwa hiyo usiblok leo. Blok kesho

Upendo: Blok kesho 😂😂😂 Mjomba wewe

Mama: [voisi 3:12]

Upendo: Mama voisi ya dakika tatu hapana, andika

Mama: Nimesema huyu mzee alikaa na baba yenu wodini siku tatu usiku na mchana tusije tukalisahau hilo

Elia: Sijalisahau mama ndo maana inauma. Angekuwa mtu baki nisingejisumbua hata kumblok. Na mimi sio kwamba nimekaa tu nangoja mtu, miaka miwili tangu nimalize chuo nimezunguka mpaka viatu vimeisha, kila mahali naambiwa wasiliana na fulani, tutakupigia, acha CV yako hapo. Huyu ndo mtu pekee nilisema huyu hata wote wakiniangusha yeye hawezi

Bibi: Elia mume wangu nimesoma yote polepole kwa haya macho yangu sasa mi habari za kublok sizijui ila Naomi namjua maana nimekuwa mjane kama yeye, alikwenda Moabu na mume na watoto wawili wa kiume wakakaa huko kama miaka kumi akawazika wote watatu akarudi Bethlehemu, wanawake wa mji wakatoka wanaulizana huyu ndiye Naomi? akawaambia msiniite Naomi niiteni Mara yaani uchungu, nilitoka hapa nimejaa na Bwana amenirudisha sina kitu. Sina kitu! na Ruthu amesimama hapo hapo ubavuni kwake na vumbi la njia miguuni, yule yule aliyemwambia uendako nitakwenda, sijui mtoto wa watu alijisikiaje kumsikia mkwewe anautangazia mji mzima kwamba sina kitu. Mi nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza

Neema: Bibi!!

Upendo: Nimesoma Ruthu mara ngapi mimi na hilo sikuliona

Bibi: Bado sijamaliza. Mwisho kabisa mtoto amezaliwa, wanawake wale wale ndo wanamwambia Naomi huyu mkweo anayekupenda anakufaa kuliko watoto saba, yaani ilibidi aambiwe na majirani. Na mimi babu yenu alipoondoka nimelala na mguu umevunjika nilikuwa namwambia kila anayekuja kunipa pole nimebaki peke yangu sina mtu, nasema hayo shangazi yenu ameshika beseni la maji pale mlangoni, alikuwa anaamka usiku mara tatu kunigeuza. Hakunijibu kitu. Nilikuja kujishtukia baadaye sana

Elia: Bibi nimekuelewa ila Ruthu hakusahau karatasi za mtu kwenye droo

Bibi: Hakusahau ni kweli. Mi sikuangalia yeye nakuangalia wewe unavyosema sina mtu

Elia: Sijasema sina mtu

Bibi: Bado. Unaelekea huko

Baba Mdogo: 😂 Nimeweka simu chini

Elia: Sawa. Lakini kwa nini kila mtu akinijibu neno ni ngoja? Ngoja nayo ina mwisho

Bibi: Naomi naye alimwambia Ruthu kaa binti yangu mpaka ujue jambo litaishaje, hilo liko sura ya tatu mwishoni, ila alimwambia lini, ni baada ya mtoto kuokota masazo tangu mavuno ya shayiri mpaka ya ngano, baada ya kwenda kwa Boazi jamaa yao na kusema shida yake kwa mdomo wake. Yaliyokuwa ya kwao kufanya yalikuwa yameisha ndo akaambiwa kaa. Anayekuambia ngoja wakati bado kuna la kufanya huyo anataka kulala yeye

Neema: Hii naiweka stetasi

Bibi: Usiniweke huko

Shangazi: Shikamoo mama. Nimetoka kazini nakuta meseji zote hizi na beseni langu limeshatangazwa 😄

Bibi: Marahaba mwanangu. Ni kweli au uongo

Shangazi: Ni kweli mama. Na siku ile nilikasirika, sikusema tu

Bibi: Nilijua

Shangazi: Elia mwanangu, mi nataka niseme kama mtu aliyengoja kitu na hakukipata. Wote humu mnajua, sioni sababu ya kuzunguka. Miaka 11 nilikuwa naambiwa Sara, naambiwa Hana, naambiwa Elisabeti, kila anayekuja ana jina lake mkononi na wote hao waliopata watoto. Hakuna hata mmoja aliyenifungulia Waebrania 11 kule mwisho wanakotajwa watu walioshuhudiwa imani yao na ile ahadi hawakuipokea. Nilikuja kuikuta mwenyewe na nikalia, sio kwa uchungu, ni kwa sababu kumbe na mimi nipo kwenye kitabu. Kwa hiyo mimi sikuambii kazi itakuja mwezi ujao, sijui. Mungu hajaniambia

Mama: Wifi 😢

Shangazi: Usilie wifi. Nimelea watoto wako wawili humu ndani wananijibu vibaya kama wa kwangu

Upendo: Mi nimekujibu vibaya lini shangazi 😂

Shangazi: Nitakukumbusha inboksi

Shangazi: Ninachotaka kusema ni kingine. Kipindi kile watu waligawanyika. Kuna waliokuja kuongea na kuna waliokuja kukaa. Wale rafiki wa Ayubu mnawasema vibaya bure, walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana hawajafungua mdomo, wangeishia pale wangekuwa marafiki bora kwenye Biblia nzima, waliharibu walipoanza kueleza. Mimi nilikuwa na rafiki mmoja kila nikitoka hospitali anakuja, anachukua nguo anafua, anaanika, anaondoka. Haulizi majibu yamesemaje. Miaka mingi hivyo. Siku moja akasema neno la kijinga, mbele za watu, sitalirudia hapa. Nikamkata siku ile ile. Alipiga sikupokea, akatuma watu nikakataa. Miaka 9 hatuongei. Neno moja likafuta kufua kote

Neema: Mlipatana?

Shangazi: Mwaka jana. Tumekaa mchana mzima hatujui tuanzie wapi. Nilikuta kaota mvi zote na sikuwepo zikiota

Upendo: Shangazi jamani

Shangazi: Na sisemi kila mtu abaki maishani mwako. Kuna mtu anakuja kukumaliza, huyo mfungie mlango na umshukuru Mungu. Hata Paulo anamtajia Timotheo mtu kwa jina kabisa, Iskanda mfua shaba, kaniletea ubaya mwingi nawe ujihadhari naye. Ila aliyesahau na aliyekukusudia usiwaweke kwenye kapu moja

Baba Mdogo: Dada hapo hapo kwenye sura hiyo hiyo, 2 Timotheo 4. Iskanda yuko mstari wa 14. Rudi mstari wa 11 uone nani yuko. Marko! Paulo anasema mlete maana ananifaa kwa utumishi. Huyu ndiye Marko aliyewaacha Pamfilia katikati ya kazi, Paulo akamkataa kabisa safari iliyofuata mpaka akaachana na Barnaba kwa ajili yake. Na Barnaba ndiye aliyemshika Paulo mkono siku wanafunzi wote wanamwogopa. Yaani Paulo aligombana na mtu aliyemfungulia mlango, ugomvi wenyewe kisa mtu aliyemwangusha, na uzeeni yuko kwenye mnyororo anaomba yule yule aliyemwangusha aletwe. Mistari miwili tu katikati, mmoja jihadhari naye, mmoja mlete

Upendo: Kumbe swali ni mzee ni mstari wa 11 au wa 14 😂

Elia: Sijui. Nimechoka tu dada

Upendo: Najua mdogo wangu

Mjomba: Elia

Elia: Naam mjomba

Mjomba: Mwisho wa kupokea maombi ilikuwa tarehe ngapi

Elia: 14

Mjomba: Mzee alimzika dada yake tarehe 12. Nilikuwepo

Upendo: ???

Mama: Dada yake yupi? Yule mkubwa??

Mjomba: Huyo huyo. Aliugua ghafla. Wiki nzima mzee yuko hospitali

Upendo: Mjomba kwa nini hukuandika humu sasa!!

Mjomba: Nilidhani mnajua. Na yeye alisema vijana wasisumbuliwe

Neema: Jamani

Elia: Mbona hakuniambia? Nilimpigia tarehe 15, tumeongea kabisa, nikamuuliza mzee vipi zile karatasi akanyamaza kidogo akasema nilisahau kijana wangu. Mi nikakata simu

Elia: Angesema tu ana msiba

Shangazi: Angesema. Na kabla ya msiba kulikuwa na miezi minne angeweza kupeleka hata siku moja. Kosa lake lipo pale pale Elia, hakuna anayelifuta

Elia: Ndio

Elia: Ila sikumuuliza habari zake. Nimesema shikamoo halafu vipi karatasi. Na nikijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimpigia bila kumuuliza karatasi sipati

Elia: Mwezi wa tatu labda. Na hapo ndo nilikuwa naenda kumwomba

Upendo: Mi sijampigia mwaka mzima na sina karatasi yoyote kwake, kwa hiyo usijipige peke yako

Mama: Mimi ndo wa kulaumiwa mtu aliyemuuguza mume wangu nasikia msiba wake kwenye simu

Bibi: Kila mtu akilaumiwa nani atakwenda kumpa pole

Baba Mdogo: Kweli mama. Jumamosi mi naenda, anayeweza aje tuongozane. Elia utakuja?

Elia: Nitakuja

Elia: Nimeitoa blok. Nampigia saivi

Neema: Subiri kwanza, utasema nini?

Elia: Sijui. Pole

Mjomba: Inatosha

Elia: Hajapokea

Elia: Nimempigia tena hajapokea

Shangazi: Acha kupiga. Mwandikie

Elia: Someni kabla sijatuma. "Shikamoo mzee. Nimepata habari za msiba leo hii kupitia mjomba. Pole sana. Nisamehe kwa siku ile nilivyokata simu, sikujua na sikuuliza. Baba alipoumwa ulikaa naye na mimi sikuwepo kwako. Jumamosi tunakuja na baba mdogo. Kuhusu zile karatasi usijali nitaona namna nyingine"

Bibi: Toa ya mwisho

Elia: Ipi bibi

Bibi: Ya karatasi

Elia: Nilitaka asijisikie vibaya

Bibi: Atajisikia hivyo hivyo. Hayo mtaongea siku nyingine mkikutana, leo ana msiba

Shangazi: Mama yuko sahihi, toa

Elia: Nimetoa. Nimetuma

Mama: Bwana akubariki mwanangu

Neema: Elia kuna tangazo lingine nimeliona jana nakutumia inboksi, sio kubwa kama lile ila linaendana na ulichosoma. Mwisho Ijumaa. Na hili peleka mwenyewe kwa miguu yako tafadhali

Elia: Nitumie. Ila vyeti nilivyogonga muhuri vyote viko kwake

Upendo: Kwenye droo 😂😂😂 nisamehe Mungu

Elia: Nitagonga vingine kesho asubuhi

Mjomba: Nitakupeleka. Saa mbili uwe tayari

Elia: Asante mjomba

Baba Mdogo: Saa tatu usiku tutaomba kama kawaida, leo tumweke mzee na nyumba yake mbele. Neema utaongoza

Neema: Mimi tena? Si mnajua nina maswali mengi

Baba Mdogo: Yalete hayo hayo

Elia: Bado tiki moja

Mjomba: Huwa anazima simu mapema. Mwache

Elia: Sawa

Elia: Tiki mbili

Bibi: Tiki ndo nini

Upendo: Bibi nakupigia